Si kila "a" ni "a": chunguza anwani kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anayeagiza bidhaa nje hukagua ankara mara mbili na kulinganisha bei na kiwango cha dola cha siku hiyo. Lakini anwani ya tovuti anayolipia huitazama mara moja tu, tena kwa haraka. Hapo ndipo wajanja wanapopenyea.

Tangu awali, mfumo wa majina ya intaneti ulikubali herufi za Kilatini a hadi z, tarakimu 0 hadi 9 na kistari. Kiswahili kinatoshelezwa na hizo, ndiyo maana suala hili halikutushughulisha. Waarabu, Warusi na Wachina hawakutoshelezwa. Mwaka 2003 uliwekwa utaratibu wa kugeuza maandishi yao kuwa herufi za Kilatini zinazotanguliwa na alama xn--. Mwaka 2010 Misri, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Urusi zikapata miishio ya anwani kwa maandishi yao wenyewe.

Hiyo ni haki yao, na ni biashara nzuri. Duka la Cairo liandikwe kama wateja wake wanavyosoma.

Tatizo ni kwamba "а" ya Kisirili, maandishi wanayotumia Warusi, machoni ni sawa na "a" yetu. Kwa kompyuta ni herufi mbili, hivyo ni anwani mbili, na wenyewe wanaweza kuwa wawili. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alionyesha anwani iliyosomeka apple.com, kumbe neno "apple" lote lilikuwa la Kisirili. Kanuni ya kutochanganya maandishi haikumkamata, kwani hakuchanganya. Programu ya Chrome ilidanganyika hadi iliporekebishwa mwaka huo huo.

Kuzuia maandishi ya kigeni si dawa. Hata katika Kilatini, "r" na "n" zikibanana husomeka "m". Wa kubanwa ni wanaouza majina: wasipokee ada kabla ya kulinganisha jina jipya na yaliyopo.

Kwa sasa, andika anwani mwenyewe badala ya kubonyeza uliyoletewa. Ukiona xn-- mahali ulipotarajia jina la Kilatini, simamisha malipo na umpigie muuzaji kwa namba yake ya siku zote. Gharama ya simu ni ndogo kuliko ya kontena lisilofika.