Wewe Unayetafuta wa Kushea Naye Chumba

Ndugu yangu uliyeko Sinza, Mabibo, Changanyikeni au popote Dar es Salaam, unayetafuta mwenzio wa kupunguziana kodi: kabla hujatuma tangazo lako, lisome kwanza kwa macho ya kijana aliyeshuka jana stendi ya Magufuli, hajui mtaa wako wala hakujui wewe.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo watu wanapoumia. "Kodi 150,000, miezi 6." Wewe unajua hiyo ni ya nyumba nzima. Anayesoma anadhani ni yake peke yake, anaiacha nafasi ambayo angeimudu kabisa. Au kinyume chake: wewe umemaanisha 150,000 kwa kila mtu, yeye amehesabu nusu, anafika getini na 450,000 aliyokopeshwa na mjomba wake, kumbe zinatakiwa 900,000. Hakuna aliyedanganya, lakini nauli imeliwa na uso umemshuka. Tafadhali andika wazi: "Sehemu yako ni 75,000 kwa mwezi, tunalipa miezi 6 kwa mkupuo, jumla yako 450,000." Kama kuna hela ya dalali, itaje. Sema kama LUKU ni yenu au mnachangia na wapangaji wengine, na kama maji yanatoka bombani au mnanunua kwa madumu.

Halafu kuna haya maneno: mstaarabu, anayejielewa, mwenye hofu ya Mungu. Najua unatafuta amani ndani ya nyumba, na ni haki yako. Ila kila msomaji anayapima kwa kipimo cha kwao. Binti Mwislamu akisoma "mwenye hofu ya Mungu" anajiuliza ni wa dini yake au ya kwako. Ukiandika "sitaki kelele usiku," anawaza Ramadhani, atakapoamka saa 10 alfajiri kupasha daku. Huenda wewe ulikuwa unafikiria muziki tu. Basi taja muziki.

Linaloniuma zaidi ni "sitaki wageni." Wengi wanaoliandika wanamaanisha wapenzi wa kulala. Lakini anayesoma ana mama yake Tabora, mwenye rufaa ya Muhimbili, atakayehitaji godoro siku tatu nne. Anaona mlango umefungwa kabla hajabisha. Ungeandika "wapenzi wasilale hapa, ndugu tunakubaliana," ungemfungulia.

Na kaka zangu, "natafuta binti mpole wa kuishi naye" linatisha hata kama nia yako ni safi. Msichana hawezi kuiona nia yako, anaona maneno tu. Jitambulishe kuwa wewe ni mwanamume, taja mko wangapi, sema kama kila chumba kina kitasa chake. Kama unachotafuta ni mchumba, usikitangaze kama chumba.

Nawe unayesoma tangazo, usikasirike upesi. Piga simu, uliza kodi ni ya nani, wageni ni wepi, kisha ndipo upande daladala. Wala usitume hata shilingi kabla hujakiona chumba.

Na mwenye chumba, ukishampata mtu, rudi ulikotangaza uandike kuwa nafasi imejaa. Kuna watu bado wanaifuata.