MAONI: Ukiwa na siku mbili Mombasa, usizimalizie zote ufuoni

Disemba ikikaribia, vijana wa bara huanza kuchanga pesa za kushuka Mombasa. Kikundi kinaundwa, nauli inalipwa, na siku ikifika mnaingia treni pale Syokimau ama basi la usiku, nyimbo juu. Sawa kabisa. Lakini hebu fikiria jinsi safari hizo huisha: chumba Bamburi, ufuo, klabu, usingizi hadi saa sita mchana, picha mia mbili za maji yaleyale, kisha safari ya kurudi. Aliyefanya hivyo hakufika Mombasa. Alifika ufuoni tu.

Mombasa ni kisiwa, na mji wenyewe umo humo. Ndiyo maana tunaanza na mahali pa kulala. Vyumba vya Nyali na Bamburi vinavutia, lakini viko ng'ambo ya daraja, na msongamano wa magari jioni unaweza kukulia wikendi. Tafuta chumba kisiwani hata kama hakina kidimbwi cha kuogelea. Ufuo utaufuata kwa matatu siku ya pili, wala hauhami.

Ukishuka basi alfajiri, usikimbilie kitanda. Kunywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi, kisha utembee kwa miguu hadi Mji wa Kale kabla jua halijawa kali. Anza na Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696, na hawakuiteka hadi Disemba 1698. Waingereza nao waliigeuza gereza, ikabaki hivyo hadi 1958. Darasani miaka hiyo inachosha, tukubaliane. Ila ukisimama juu ya ukuta ule ukatazama mlango wa bahari ambao meli zilipitia kuingia mjini, unaelewa mara moja kwa nini watu walikubali kufia pale. Na beba kitambulisho, kwa sababu Mkenya hulipa kiingilio nafuu kuliko mgeni wa ng'ambo.

Ukitoka hapo, ingia vichochoroni bila haraka. Hapa ndipo wengi wetu wa bara huharibu. Tunapiga picha milango ya watu, na wakati mwingine akina mama wenyewe wakiwa wameketi barazani, kana kwamba wamewekwa pale kwa ajili ya ukurasa wetu wa Instagram. Hizo ni nyumba za watu. Salimia kwanza, mzee mpe shikamoo yake. Omba ruhusa ya picha, na ukikataliwa, sema asante uende zako. Kaptura ya ufuoni iache kwenye begi, hasa karibu na misikiti. Msikiti wa Mandhry unasemekana kuwepo tangu 1570, na watu wanaswali humo hadi leo.

Halafu tega sikio. Wewe uliyekariri lahaja za Kiswahili ukijiandaa kwa KCSE, Kimvita kiko hapo mbele yako, bure. Utasikia "mato" kwa macho na "mtele" kwa mchele. Usicheke, wala usimsahihishe mtu! Huu ndio mji wa Muyaka bin Haji, na lugha hii ilikuwa ikitungiwa mashairi kabla mtihani wako haujaota hata ndoto ya kuwepo. Ukitaka zawadi ya mama nyumbani, pita Biashara Street ununue leso, lakini usome jina lake kabla ya kulipa. Kuna leso zina mafumbo makali, na mama anajua kusoma.

Siku ya pili ni ya ufuo, na hapa hatutanii. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji yakipwa sana utatembea juu ya mawe na vijidude vya miiba bila kupata pa kuogelea. Yakijaa, pale palipokufika magotini asubuhi panaweza kukupita kichwa. Kila msimu wa sikukuu tunasoma habari za vijana waliozama, wengine wasiojua kuogelea, wengine waliokwisha kunywa. Muulize mvuvi au mwokoaji maji yanajaa saa ngapi kabla ya kuvua viatu. Ni swali la nusu dakika. Pombe na maji usichanganye, hata marafiki wakikuita mwoga.

Kuhusu chapaa, ya tuktuk patana kabla ya kupanda, na ya ngamia kabla hujapandishwa mgongoni. Raha nyingi za mji huu hata hivyo ni za bei ya chini: viazi karai na ukwaju, kahawa chungu kwa kashata, dafu, muhogo wenye ndimu na pilipili kule Mama Ngina jua likishuka. Feri ya Likoni haitozi mtu wa miguu hata senti. Vuka tu, urudi, utazame meli kubwa zikiingia Kilindini.

Siku ya kuondoka, kumbuka kituo cha treni kiko Miritini, mbali na kisiwa, na kuna ukaguzi wa mizigo kabla ya kupanda. Toka mapema. Achari na mabuyu ya nyumbani yanunue siku iliyotangulia.