Yatang'oka Tu

Kuna maneno mawili ambayo nikiyasikia siku hizi hasira hunipanda: "Yatang'oka tu." Mtoto akianguka akavunja jino, utasikia, si meno ya utoto hayo, yatang'oka tu. Likioza, yatang'oka tu. Nami niliyekuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, kisha mwalimu mkuu mpaka kustaafu, nimeyasema mbele ya ubao mara nyingi kuliko jirani yeyote. Nilikuwa nikiwaandikia wanachuo: meno ya utoto 20, ya ukubwani 32, ya kwanza hupisha ya pili. Kisha nafuta ubao. Sikuwaambia kwamba lile la pili limo tayari ndani ya taya, karibu na mzizi wa la kwanza, likijijenga polepole, na kwamba anayelichokoa la juu huenda akaliumiza la chini.

Mwaka juzi mkwe wangu alitoka deltani na mjukuu wangu wa miaka miwili. Wakishuka mashuani Nyamisati, mtoto aliteleza akajigonga kinywa ukingoni. Walipofika kwangu Kibiti mdomo umevimba, na jino moja la mbele la juu limezama ufizini, imebaki ncha tu. Mama mmoja wa mtaani akaja kutupa pole, akatazama, akasema, "Mwalimu, usijisumbue na hospitali. Yuko bibi fundi, ndiye aliyemtoa mjukuu wangu meno ya plastiki. Hili atalichokoa mara moja."

Mkwe wangu alinitazama, akingoja neno la babu. Nakiri kwamba lile neno la ubaoni lilinifika ulimini. Kilichonizuia si elimu yangu, ni kusikia hiyo plastiki.

Uzushi huo unajulikana nchini tangu miaka ya 1980. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, ufizi umetuna mahali pa chonge. Basi husemwa ana meno ya plastiki, na fundi huyachimba kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kinachotolewa hakina plastiki hata chembe. Ni chipukizi la jino la mtoto mwenyewe, laini kwa sababu halijakomaa. Aliyehitaji maji ya chumvi na sukari na kupimwa malaria anapewa kidonda kinywani, damu, na hatari ya pepopunda. Na chonge ya ukubwani huweza kuota kombo, au isiote kabisa.

Huambiwa nisiwalaumu watu, kwamba hospitali ni mbali, na mtu wa Mbwera au Msala hungoja maji yajae ndipo atoke. Ni kweli. Lakini umbali unaeleza kwa nini mtu alichelewa kufika kwa daktari. Hauelezi kwa nini aliwahi kwa fundi.

Tulikwenda hospitali. Daktari akasema jino lililozama namna ile mara nyingi hushuka lenyewe kwa miezi kadhaa, liachwe. Mtoto ale vyakula laini, kinywa kisafishwe kwa mswaki laini au kitambaa safi, arudishwe upesi ufizi ukitoa kijipu au usaha. Nikauliza: lingetoka lote, ningelirudisha? Akatikisa kichwa. La ukubwani ndilo hurudishwa papo hapo, au hutiwa kwenye maziwa na kukimbizwa hospitali. La utoto likisukumwa ndani laweza kuliumiza linalokuja. Na jino lisipoonekana, mtoto akawa anakohoa, msihangaike kulitafuta mchangani. Huenda amelivuta mapafuni, akimbizwe.

Miaka yote hiyo darasani hakuna aliyenifundisha hayo, wala sikuuliza.

Jino lilishuka baada ya miezi minne, limegeuka kijivu kidogo. Mama yule husema tulibahatika. Mjukuu wake sasa ana miaka 14. Akicheka huziba kinywa kwa kiganja, maana mahali pa chonge zake mbili za chini pana mapengo.