NANI ANATUSEMEA WASHINGTON?

Ndugu wachimbaji wa Masisi na Walikale, na ninyi wenye maduka na kazi za mjini, twaandika leo juu ya jambo lililo mbali na mashimo ya Rubaya na Bisie, lakini lenye kuingia katika bei ya kila mfuko wa koltani na kasiterite.

Huko Washington iko kazi ya kuwaendea wabunge na wakubwa wa serikali ili sheria iwe hivi na isiwe vile. Haifanywi gizani: kwa sheria ya 1995, wenye kuifanya hujiandikisha na kutoa hesabu ya fedha. Wenye bima wana vyama vyao, wenye benki vyao, wenye viwanda vyao.

Tarehe 21 Julai 2010 Rais Obama alitia sahihi sheria kubwa ya mambo ya fedha. Wenye bima waliishughulikia sana, maana ndiyo iliyounda Ofisi ya Bima ya Shirikisho katika Hazina ya Marekani. Humo humo, kifungu cha 1502, tuliandikwa sisi: kampuni zitangaze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zao zimetoka Kongo au kwa jirani zake, na kama zimewalisha wenye silaha.

Hatusemi nia ilikuwa mbaya. Watu wa Walikale wanakumbuka vema jinsi askari walivyoikalia Bisie na kutoza mizigo. Lakini Septemba 2010 Rais Kabila alifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema hata Machi 2011, na wanunuzi wengi wakatukimbia. Walikale ilizoea ndege zenye kutua barabarani Kilambo, zikileta bidhaa na kurudi Goma na kasiterite. Mzigo ulipokosekana, sabuni na chumvi zilitoka wapi? Na ada ya shule je?

Wakubwa wa viwanda hawakukaa kimya kama sisi. Mwaka 2012 vyama vitatu, cha wenye viwanda, cha wafanya biashara na cha wakurugenzi wa kampuni kubwa, vilishitaki kanuni za sheria hiyo. Gharama yake ya kuanzia ilikuwa imekadiriwa kuwa dola bilioni 3 hadi 4. Aprili 2014 mahakama ya rufaa ikakubali sehemu moja ya madai yao: kampuni isilazimishwe kusema kwamba bidhaa yake haikuonekana kuwa safi, kwani katiba inalinda uhuru wa kusema. Basi kinywa cha kampuni kililindwa. Cha mchimbaji hakikuulizwa neno. Ni kweli kwamba Septemba 2014 watu 70, Wakongo na wageni, walitia sahihi barua ya kueleza madhara. Walikuwa wenye elimu, nasi twawashukuru, lakini barua si chama.

Hata etiketi zinazofungwa kwenye mifuko ni kazi ya chama cha wenye bati, chenye makao Uingereza. Ada yake hulipwa na wanunuzi, nao huikata katika bei ya mwenye sururu. Na ulinzi wake? Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 waliishika Rubaya, na mwaka huo huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu kwamba wanapata si chini ya dola 800,000 kwa mwezi kutoka koltani.

Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia sahihi mkataba huko huko Washington, na madini yamo ndani yake. Kwa hiyo twadai kila chimbo lichague watu wake wawili, kwa kura ya wachimbaji wenyewe, wala si kwa kidole cha wakubwa wa koperative. Hao waandike bei, ada na kodi zote zinazokatwa, shimo kwa shimo. Wajumbe wetu wa Kinshasa wazipeleke hesabu hizo kwa Waziri wa Madini na kwa balozi wa Marekani. Majina ya waliochaguliwa yaletwe kwa makatibu wa chama, nasi tutayachapa.