Waandishi wa Fizi, tuache kukimbilia namba kubwa kwenye kadi

Baraka – Ndugu zangu wa kazi, tunaibiwa, na sehemu ya wizi huo tunaufungulia mlango wenyewe. Kila ikifanyika semina ya waandishi wa habari, hapa Baraka au Uvira, mkufunzi anasema: nunueni kadi memori za kasi kubwa. Tukitoka pale tunaingia sokoni kutafuta ile iliyoandikwa namba kubwa kuliko zote. Mimi napinga.

Namba ile ya mbele, 95 au 100, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani kutoa picha kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Kamera inapopiga inahitaji kasi ya kuandika, na hiyo iko kwenye alama ndogo. 10 ndani ya herufi C maana yake kadi haishuki chini ya megabaiti 10 kwa sekunde. 1 ndani ya U ni 10 vilevile. 3 ndani ya U ni 30, sawa na V30.

Sasa tupige hesabu. Kamera nyingi tunazobeba huku zinarekodi video ya Full HD kwa megabiti 24 hadi 50 kwa sekunde. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo ni megabaiti 3 hadi 6 tu. C10 ya kweli inatosha na kubaki. Anayepiga 4K kwa megabiti 100 anahitaji 12 na nusu. Huyo achukue U3. Anayepiga mpira, picha mfululizo, naye U3 itamsaidia kamera isigande. Lakini V90 kwa mkutano wa mkuu wa sekta? Pesa hiyo ingelipa pikipiki kwenda Lulimba.

Tena kasi iliyoandikwa si kitu kama kadi yenyewe ni ya uongo. Nilinunua moja ya gigabaiti 64, imeandikwa U3, dola 15, kwa muuzaji ambaye simtaji. Mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipoingia kwenye nyumba za watu, nilitembea kando ya ziwa asubuhi nzima. Mama mmoja mzee alinionyesha ukuta wa nyumba yake ulivyolala majini, akataja kila kitu alichopoteza. Jioni majina ya faili yote yalikuwepo, ila hakuna iliyofunguka. Kadi ilikuwa na gigabaiti 8 tu. Mengine ni maandishi ya karatasi. Niliporudi, yule mama alikuwa ameshahamia kwa ndugu zake, na ule ukuta haukuwepo tena.

Kuna programu ya bure, H2testw. Inajaza kadi yote, kisha inasoma tena na kukuambia ukubwa wake wa kweli na kasi yake ya kuandika. Kwa gigabaiti 64 za C10 inaweza kupita saa mbili, na najua moto wa sola ulivyo shida kwetu. Fanya hata hivyo, kabla hujabeba kadi hiyo kazini.

Na ninyi mnaotuletea semina: siku nyingine wekeni kompyuta mbili mezani, kila mtu ajaribu kadi yake pale pale. Mkubaliane pia na wauzaji kwamba kadi ikishindwa jaribio, pesa inarudi. Mimi siku hizi natembea na C10 mbili za gigabaiti 16, zote zimejaribiwa, na saa sita mchana nabadilisha.