Lenzi Ipi kwa Pemba?
Vijana wa Mkoani waliojaaliwa kumiliki kamera huniuliza, kila wakaribiapo kusafiri kwenda Unguja, lenzi ipi wanunue, na jawabu langu, ambalo aghalabu haliwaridhishi, ni kuwa mtu aijue kwanza picha aitakayo. Kwani apendaye kuitia bandari nzima, gati na meli na kilima cha mji, katika picha moja, atahitaji lenzi pana ya milimita 24, ilhali mwenye hamu ya popo wa Kidike, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hukaribia mita 1.6, hana budi kutafuta ndefu ya 300, maana wakisogelewa hutaharuki na kuruka. Lenzi pana, hata hivyo, isielekezwe karibu na uso wa bibi achambuaye karafuu, isije ikamzidishia pua, naye ana haki ya kukasirika. Kwa nyuso, lenzi ya 85 ndiyo yenye adabu. Karafuu yenyewe, juu ya jamvi, yataka lenzi ya vitu vya karibu, ndipo vionekane vile vijino vinne vilivyolishika tumba la mviringo. Mwenye fedha kidogo, licha ya wauzaji kumsifia zile za kuvuta na kurudisha, namshauri achukue 50 yenye tundu la f/1.8, impe nuru ya kutosha hata maulidini usiku, kisha aihifadhi katika kopo lenye kifuniko madhubuti, wala si katika mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kioo kikaota ukungu.