Harufu ya Siki Sandukuni

Juma hili twawaomba mwingie nasi chumba cha kulala, mahali lilipo lile sanduku la bati lililopandishwa juu ya matofali ili lisiguse unyevu wa sakafu. Humo hamna nguo za kila siku. Humo mna vitu ambavyo mwenye nyumba angevitoa kwanza kama moto ungezuka.

Mama mmoja wa hapa Rumonge, ambaye ametukataza kulitaja jina lake, alilifungua sanduku lake mbele yetu. Alilinunua Ulyankulu, mkoani Tabora, alikokulia pamoja na maelfu ya watu wa ukingo huu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Akarudi nalo mwaka 2009. Mwaka 2021, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuziingia nyumba zilizo karibu na ufuko, sanduku lilibebwa kichwani hadi kwa ndugu zake wakaao mbali na maji. Kwa kuiogopa mvua, mama alikitia kila kitu ndani ya mfuko wa plastiki, akapiga fundo, kisha akaongeza mfuko wa pili na fundo la pili. Hakuyafungua mafundo hayo mpaka siku ile tuliyokuwapo.

Lilipofunguka fundo la mwisho, chumba kizima kilinuka siki.

"Nani amemwaga siki humu, mwanangu?" akauliza.

Hakuna aliyemwaga. Siki hiyo ilitoka katika negativu za picha alizopigwa marehemu baba yake. Baadhi zilikuwa zimejikunja kama majani makavu, na mbili zilikuwa na viputo. Chini yake palikuwa na albamu yenye kurasa laini za plastiki, ambamo picha zilikuwa zimegandamana na jalada. Palikuwa na mwanasesere aliyenata mkononi, jozi ya viatu vya sikukuu ambavyo nyayo zake zilimomonyoka kama mkate mkavu, na kaseti mbili zenye sauti ya baba huyo huyo.

"Lakini niliambiwa plastiki haiozi," akasema mama.

Sote tumeambiwa hivyo, na kwa jambo la takataka ni kweli kiasi, kwa kuwa kipande cha dumu la manjano lililopasuka kwa jua kitakaa ufukoni miaka mingi baada yetu. Kukaa, hata hivyo, si kudumu katika hali njema. Dumu lenyewe huanza kuchakaa siku ile ile linapowekwa juani, likachujuka rangi, likakakamaa, mwisho likapasuka. Kitu cha plastiki huweza kufa kama kitu cha matumizi na bado kikabaki kama taka.

Wenye makumbusho walilijua jambo hili kwa kuchelewa. Mtu aendaye Makumbusho ya Taifa kule Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, hutazamia kukuta ngoma, vikapu na mikuki, na ufundi wa kutunza mbao na chuma ni wa siku nyingi. Plastiki ni mgeni. Ya kwanza iliyotokana na selulosi ilionyeshwa London mwaka 1862, na bakelaiti, iliyobuniwa na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji, ni ya mwaka 1907. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yalikusanya masega, redio, wanasesere na sanamu za plastiki bila wasiwasi, kisha watunzaji wakaanza kukuta makabati yananuka na sanamu zimepasuka. Hata vazi alilovaa Neil Armstrong mwezini mwaka 1969 lilikuwa linaharibika, kwa kuwa mpira uliomo ndani yake huzeeka. Ilibidi litunzwe kwa kazi ya miaka kadhaa kabla ya kuonyeshwa tena Washington mwaka 2019. Kati ya mwaka 2008 na 2012 watafiti wa nchi kadhaa za Ulaya waliungana katika mradi ulioitwa POPART, ili wajue namna ya kuzitambua plastiki, kuzisafisha na kuzipunguzia kasi ya kuzeeka.

Katika kazi za watafiti wa namna hiyo, aina nne hutajwa kila mara kuwa ndizo zenye taabu kubwa: selulosi nitrati, selulosi asetati, PVC laini, na povu la poliurethani. Kwa bahati mbaya, au pengine ni desturi ya masanduku yetu yote, mama huyu alikuwa nazo tatu kati ya hizo.

Tuanze na negativu, kwa kuwa ndizo zilizonuka. Filamu nyingi za picha za zamani ni za selulosi asetati. Unyevu na joto vinapoingia humo, asetati huachia asidi ya siki, na asidi hiyo ikibaki mahali pamoja na filamu huichochea iachie nyingine zaidi. Basi mama alipofunga mafundo mawili kwa nia njema, aliifungia asidi pamoja na picha, akaifanyia kazi yake iwe nyepesi. Zaidi ya hayo, negativu iliyougua huwaambukiza jirani zake. Makumbusho hutumia vipande vidogo vya karatasi yenye rangi ya buluu, ambayo hugeuka kijani kisha manjano kwa kadiri asidi inavyozidi. Sisi tuna pua, na pua yatosha kwa kuanzia. Negativu zinazonuka zitengwe na zisizonuka siku hiyo hiyo. Kila moja itiwe katika bahasha ya karatasi nyeupe, wala si ya plastiki, kisha zote ziwekwe katika boksi la karatasi lenye kupitisha hewa, mahali pakavu, pasipo na jua wala karibu na jiko. Iliyokwisha jikunja isinyooshwe kwa nguvu, itavunjika. Dawa ya kuirudisha asetati katika hali yake ya kwanza haijapatikana; linalowezekana ni kuichelewesha, na kuzinakili picha mapema.

Hapa twaongeza onyo moja. Negativu iliyopigwa kabla ya mwaka 1951 yaweza kuwa ya selulosi nitrati, ambayo hushika moto upesi mno na huwaka kwa ukali. Mwenye urithi wa namna hiyo asiukaribishe na mshumaa wala kibatari.

Albamu na mwanasesere ni ugonjwa mwingine. PVC kwa asili yake ni ngumu, kama mabomba ya maji tunayoyafahamu. Ili iwe laini huchanganywa na mafuta maalumu, na mafuta hayo hayakubali kukaa ndani milele. Hutoka polepole, yakaufanya uso unate na kukamata vumbi. Yakikutana na picha, huishika. Picha za mama zilizogandamana hatukuthubutu kuzibandua. Tulimshauri azipige picha nyingine vivyo hivyo kupitia jalada, kisha aziache kwa mtu mwenye ujuzi. Zile zilizokuwa bado huru tulizitoa mara moja.

Na kuhusu mwanasesere, utafiti una neno ambalo hatukulitarajia. Yvonne Shashoua, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Denmark, aliichunguza PVC laini kwa muda mrefu, akaona kwamba ikiwekwa ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa, mafuta yake hutoka kwa kasi ndogo zaidi, ilhali mfuko wa polithini huyanyonya mafuta hayo na kuharakisha hasara. Kwa hiyo lile ambalo ni sumu kwa negativu, yaani kufungiwa, ni nafuu kwa mwanasesere, mradi kifungio kiwe kioo. Twakiri kwamba jambo hili lachanganya. Mtu hawezi kuwa na kanuni moja kwa sanduku zima. Lazima ajue kwanza anachokishika. Mama alitoa chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana aliyokuwa akiwekea sukari, tukaiosha, ikakauka juani, mwanasesere akaingizwa.

Viatu havikuwa na la kufanywa. Povu la poliurethani huliwa na hewa, mwanga na unyevu, na likishaanza kumomonyoka hakuna gundi ya kulifaa. Mama alikata ngozi ya juu, akaihifadhi peke yake.

Wasomaji watauliza juu ya jokofu, kwa kuwa ni kweli kwamba makumbusho makubwa huziweka filamu katika baridi. Kuzeeka kwa plastiki huenda kasi maradufu au zaidi joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, na ukingo wetu huu una joto kuliko milimani. Hata hivyo hatulipendekezi jokofu la nyumbani. Umeme ukikatika na kurudi, kitu hupoa na kupata joto mara kwa mara, na jasho la maji hutua juu yake. Kabati lililo katika chumba chenye kivuli, mbali na ukuta wenye unyevu, ni bora. Wala mtu asisafishe plastiki ya zamani kwa mafuta ya taa, petroli, spiriti au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na hata mafuta yetu ya mawese yasipakwe kwa kutaka ing'ae. Kitambaa laini na kikavu chatosha.

Zikabaki kaseti. Utepe wenyewe kwa kawaida ni wa poliesta, ambayo ni imara, bali sauti imo katika unga wa sumaku uliogandishwa juu yake kwa gundi, na gundi hiyo ndiyo huweza kunyonya unyevu ikanata. Utepe unaonata ukizungushwa kwa kasi huacha unga wake njiani, na unga ukitoka sauti imetoka. Wataalamu hupasha tepu nyingine moto mdogo kwa saa nyingi ili zichezeke mara chache. Jambo hilo lisijaribiwe juu ya jiko la mkaa! Tuliitazama kwanza ya mama: haikuwa na ukungu, lakini kile kipande kidogo cha kitambaa kinachoubana utepe kilikuwa kimebanduka. Fundi wa redio wa sokoni akakihamisha kutoka kaseti nyingine isiyo na thamani. Akazungusha magurudumu kwa kalamu, taratibu, utepe ukapita bila kushikamana.

Ndipo ikachezwa mara moja tu, simu ikirekodi kando ya spika, milango imefungwa, na watoto wamekatazwa kukohoa. Sauti ya mzee ilianza kwa kusalimu, kisha akayataja majina ya watoto wake kutoka mkubwa hadi mdogo. Mama alikuwa wa nne. Kaseti ya pili ilinata tangu mzunguko wa kwanza, fundi akaisimamisha, na mpaka tunaandika haya imo ndani ya bahasha ya karatasi, haijachezwa.